Kitanda cha Tatu na Laptopu ya Inchi Kumi na Nane

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie haraka kabla mume wangu hajabomoa kitanda kingine, na tafadhali usicheke mpaka umalize kusoma, maana dada yangu nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi ni mchora ramani za nyumba, na naomba niseme bila haya kwamba kazi yangu naijua. Miezi minane iliyopita nilinunua laptopu ya inchi kumi na nane, kubwa hasa, kwa sababu nilikuwa nimechoka na wateja wanaokodolea macho kioo kidogo, wanaitikia "sawa, sawa", halafu ukuta ukishafika kiunoni ndipo wanauliza mbona choo kimetazamana na meza ya chakula, lakini kwenye kioo changu mteja anaona kila mlango unafungukia wapi, anabadili mawazo kabla tofali halijawekwa, na tangu niwe nayo hakuna ukuta wangu hata mmoja uliobomolewa.

Tatizo lilianzia dukani. Mume wangu ni fundi seremala, mtu wa vipimo, tulikwenda wote, akaitazama ile laptopu, akachomoa futi yake mfukoni akaipima mbele ya muuzaji, kisha akasema, "Mke wangu, hii siyo ya kubeba. Hii ni ya kuwekewa miguu iwe meza." Muuzaji akacheka, nami damu ikanichemka, nikajibu duka zima likisikia kwamba nitaibeba kama pochi, na siku atakayonisikia nalalamika, basi aiuze.

Basi Mshauri, nimeibeba. Kila asubuhi natoka nayo nyumbani kwa vidole viwili, natabasamu, yeye amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, nikishakata kona tu naitua chini, napumua, nahamishia bega la pili, na ndani ya begi kuna pia chaja yake nzito kama tofali, na begi lenyewe nimeng'ang'ania la mkanda mmoja kwa sababu la mgongoni lingemwonyesha kwamba nimebeba mzigo. Kwa siku napanda ngazi za wateja watatu, wanne, bega la kulia likaanza kuuma, likafika mahali haliinuki hata kuchana nywele, na asubuhi moja akaniona nakunja uso nikivaa, akauliza, "Vipi, umelalia vibaya?" Mdomo ukanitangulia. Nikasema, "Nadhani ni kitanda."

Kitanda hicho alikitengeneza yeye mwenyewe, mwaka tuliooana. Jioni alirudi na mbao, akabadili chaga zote chini ya godoro, bega likaendelea kuuma, akakibomoa chote akatengeneza kingine kipana zaidi, akakipiga randa kila ubao mpaka unateleza, na bega halikujali. Mama mkwe alipotutembelea alijilaza pale mchana, akaamka anauliza, "Kitanda hiki kina kosa gani? Mbona nimelala kama nimezimwa?" Akanitazama. Nikaenda kuangalia sufuria.

Wiki iliyopita alikuja mteja kumwagiza vitanda viwili vya watoto wake, mume wangu akamrudisha. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Kama mke wangu mwenyewe anaumia kwenye kitanda changu, watoto wa watu nitawalazaje?" Sasa anataka kutengeneza kitanda cha tatu, na ameniomba nimchoree vipimo vyake kwenye laptopu hiyo hiyo, na ramani nimeshaianza, naona aibu hata kuandika.

Laptopu siiachi, inanifanyia kazi nzuri. Nimewaza ninunue ndogo kimyakimya ya kutembelea, bega lipone, halafu nimwambie kitanda cha tatu ndicho kimeniponya. Atafurahi, nami nitakuwa nimepumua. Unaonaje?

Ni mimi, Mchora Ramani, bega la kulia.

*

Mchora Ramani, nisamehe, nilicheka. Nilipofika kwa yule mteja aliyerudishwa, kicheko kikakatika.

Naanza na pole, halafu na pongezi. Laptopu umechagua vizuri, na asikuambie mtu vingine. Kazi yako inataka kioo kikubwa. Kosa lako ni kubeba mzigo kwa maringo, miezi minane, ili umshinde mumeo kwenye mabishano ambayo huenda yeye alishayasahau siku ile ile.

Sasa hebu jitazame. Wewe ndiye unayemwonyesha mteja kosa kabla tofali halijawekwa, tena unajisifia, na una haki. Lakini mumeo umemwacha ajenge mara mbili juu ya ramani unayojua ni ya uongo, na ya tatu unamchorea kwa mkono wako! Mwenzangu, hapo umenishangaza.

Huo mpango wako wa kupona kwenye kitanda cha tatu, uache leo. Ukimwambia kimekuponya, umemthibitishia kwamba viwili vya kwanza viliumiza mtu, na atakumbuka kila nyumba aliyowahi kupeleka kitanda. Unataka kupumua wewe, yeye abaki na hilo jiwe kifuani?

Jioni ya leo akirudi kutoka karakana, usimpe hotuba. Mpe begi. Laptopu ndani, chaja ndani, mkanda mmoja, bega la kulia, mwambie aende nalo hadi ile kona yako na kurudi. Ni mtu wa vipimo, ataelewa kabla hajafika. Akirudi mwambie, "Kitanda chako hakina kosa. Nilikudanganya." Maneno hayo tu, usiyapambe. Akinuna, mwache anune, amefanya kazi ya bure mara mbili. Akikukumbusha kwamba uliapa laptopu iuzwe ukilalamika, mjibu kwamba hulalamiki, unaungama.

Kisha mwende wote wawili kwa yule mteja wa vitanda vya watoto, na msemaji uwe wewe. Ulimharibia jina kwa mdomo wako, litengeneze kwa mdomo huo huo, hata kama mteja ataangua kicheko.

Bega linalogoma kuchana nywele ni la daktari, wiki hii, siyo la mshauri wa gazeti. Begi la mkanda mmoja ligawe. Tafuta la mgongoni, lenye mikanda miwili mipana na wa tatu wa kufunga kiunoni, laptopu ikae imebana mgongo. Nunua chaja ya pili ikae ofisini, hiyo nyingine isitoke nyumbani. Na siku za kwenda kupima viwanja tu, unaibebea nini? Futi na daftari vinatosha. Ipeleke siku mteja anapokaa chini kuitazama nyumba yake, maana ndiyo siku uliyoinunulia.

Limebaki jambo moja. Ile ramani ya kitanda cha tatu uliyoianza, usiifute ukiwa peke yako. Mkalishe mumeo karibu, fungua hicho kioo chako kikubwa, uifute aone vizuri.