Mama, Ulisema Moto

Mama,

Sikukuandikia ulipokuwa hai, wala sikupokea simu zako. Ulikuwa Randburg, mwendo wa teksi mbili tu kutoka hapa Bertrams, nami niliiacha simu ilie mezani mpaka ichoke. Sasa uko ardhini mwezi wa tatu, ndiyo nimepata la kukwambia. Ni mimi Furaha wako. Jina ulinipa, kazi yake sijaifanya.

Nianze na mjukuu wako. Merveille ametimiza miaka sita. Mkono umepona, lakini ngozi imejikunja toka kiwiko mpaka kiganja, na vidole viwili havinyooki. Anaandikia mkono wa kushoto. Shuleni wanamwita kuku wa kukaanga. Nakwambia hivi hivi kwa sababu sitaki barua hii iwe tamu.

Ile Jumamosi alipoungua uliiona vizuri kuliko mimi. Ulikaa nje ya geti, ukutani, na mbabula yako ya makaa, ukikaanga mandazi ya kuuza. Watoto walicheza mpira barabarani. Mpira ukaja upande wako, Merveille akaufuata, akasimama hatua mbili tu kutoka kwenye sufuria ya mafuta, ameipa mgongo. Mimi nilikuwa ndani namsuka mteja. Nilisikia sauti yako: "Moto! Moto, Merveille!" Halafu nikasikia ya kwake.

Nilipotoka ulikuwa umeshamfikisha bombani, maji yanatiririka mkononi mwake. Nikakusukuma. Nikasema maji yataleta malengelenge, nikampaka dawa ya meno mkono mzima. Hospitalini nesi aliikwangua pamoja na ngozi, mtoto akalia mpaka akakosa sauti. Nesi akaniuliza ni mjinga gani aliyempaka. Nikasema ni bibi yake.

Ndiyo, nilisema hivyo.

Jioni yake nilikusimamisha mbele ya majirani na akina mama wa kanisa waliokuja kutupa pole. Nikasema mzee huyu ameniunguzia mtoto, macho hayaoni, miguu haiendi, anachojua ni kula. Ulijibu neno moja: "Nilimuita, mwana wangu. Nilimuita mara mbili." Nikacheka. Kesho yake nikampigia kaka aje akuchukue, na huko Randburg, kwenye chumba alichopewa kwa kazi yake ya ulinzi, ukalala sakafuni miaka miwili, mpaka presha ilipokuangusha.

Sasa sikiliza. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimesimama getini, watoto wakicheza barabarani. Gari likakata kona. Mmoja wao akapiga kelele, "Moto!" Wote, na Merveille akiwemo, wakaruka nyuma mpaka ukutani.

Kwa Kizulu gari ni imoto, Mama. Wewe hukujua. Mimi nilijua, nimeishi hapa miaka kumi na miwili, ila sikuwahi kuyaweka maneno hayo mawili pamoja. Watoto wa mtaa huu wana sheria moja tu: ukisikia moto, kimbilia ukutani. Na ukutani ndipo ulipokuwa na mafuta yako.

Nilimwita Merveille, nikamuuliza siku ile wewe, Gogo wake, bibi yake, ulisema nini. Akanijibu kwa Kiingereza chake cha shule kwamba Gogo alisema gari linakuja, ndiyo maana akakimbia. Alikusikia, Mama. Alikutii mara moja, kama mtoto mwenye adabu.

Na kwa nini hakulijua neno letu? Unajua kwa nini. Ulipofika kutoka Uvira nilikukataza kumsemesha Kiswahili. Nilitaka awe wa hapa, wasimtukane kwerekwere kama wanavyotutukana sisi wageni. Ukaniuliza, "Sasa mimi nitaongea naye na luga gani?" Nikakwambia umtazame tu, kutazama hakuhitaji lugha.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yameletwa na mjukuu mwenyewe, kwa mdomo wake. Sitaki pole ya mtu, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Lakini nina hasira na wewe pia. Mbona hukupigana? Umezaa watoto sita, umevuka mipaka minne, ukashindwa kunizaba kofi moja mbele ya watu? Ungenizaba, labda ningekusikiliza. Ulikunja kanga zako kimya kimya ukaingia kwenye gari la kaka. Bado nakuchukia kidogo kwa kimya kile.

Mbabula sasa iko uani, nyuma ya mlango wa chuma unaofungwa, mtoto hapiti. Mpira wanachezea kwenye kiwanja cha kanisa. Nimepita kwa akina mama wa mtaa, wa Bukavu, wa Bujumbura, wa Kigoma, nikawaambia: mtoto aliyezaliwa hapa usimwambie moto, sema "shisa", yaani inaunguza, hilo analijua tangu akiwa mgongoni. Na akiungua, maji ya bomba, mengi, kama alivyofanya mama yangu. Wengine wameshika. Wengine wanasema msiba umenichanganya.

Kuna moja sijaweza kulitengeneza. Tangu siku ile, kila mgeni aliyeingia nilimsogeza mtoto mbele yake na kumuuliza: nani alikuunguza? Naye hujibu, "Gogo." Nilimfundisha mwenyewe, kama wenzangu wanavyofundisha watoto wao kusalimia. Alilisema hata kwenye mazishi yako, mchungaji alipomshika ule mkono. Watu wakatikisa vichwa.

Jana aliporudi kutoka shuleni nilimkalisha. Nikamwambia Gogo hakukuunguza, Gogo alikuwa anakuokoa. Akauliza, sasa ni nani? Nikamwambia ni mimi. Akautazama mkono wake, akanitazama na mimi. Kisha akauliza kama wageni wakija aseme hivyo.

Nimemwambia aseme.

Pumzika, Mama. Nakuahidi, Jumapili hii baada ya ibada nitawaita wale wale niliokusimamisha mbele yao, nimuulize mtoto swali lile lile. Akianza kujibu, sitamkatiza.

Mwanao,
Furaha