Ha Giang Bila Mimi

Jumatatu, 26 Mei
Nimerudi kutoka kazini Rusayl, nje ya Maskati, nimeoga, nimefungua ramani. Kama kila siku. Leo njia ya kutoka mji wa Ha Giang kwenda Dong Van, milima ya kaskazini ya Vietnam. Ni karibu na mpaka wa China, mgeni anahitaji kibali. Kinapatikana mjini, pasipoti mkononi. Pikipiki hapana. Tukodi gari na dereva wa huko huko. Mwisho wa Septemba, mpunga umeiva kwenye matuta. Mimi na Asila, binti wa ami yangu. Baba kakubali kwa sharti hilo tu. Bila Asila hakuna safari.

Alhamisi, 29 Mei
Asila kaposwa. Mama alinipa habari huku anakaanga sambusa, uso unang'aa. "Na wewe ufunge hiyo ramani, mwanangu. Ramani haimpi mtu mume." Jiko zima likacheka. Nikacheka. Kisha nikaenda chooni nikalia.

Jumanne, 10 Juni
Milka, yaani akdi ya ndoa, imefungwa msikitini, wanaume peke yao. Harusi bado, lakini ndoa ishakuwa ndoa: Asila sasa hasafiri bila ruhusa ya mumewe, Haitham. Alinipigia jioni. Septemba haendi. Watakwenda fungate, wawili wao. Wapi? Ha Giang. Haitham kazipenda picha. Picha nilizomtumia Asila mimi.
"Usinune, shoga. Nikuletee nini?"
Sitaki kitu. Nataka kwenda.

Jumamosi, 14 Juni
Watakwenda Julai. Nikamwambia Asila Julai ni masika ya kule. Udongo unaporomoka, njia zinafungwa, ukungu unameza milima. Haitham akachukua simu. "Bibi, Maskati nzima yakimbilia Salala kutafuta manyunyu, wewe waikimbia mvua?"
Ndivyo tulivyo, watu wa jangwa. Tukiona wingu tunabeba mkeka na chupa ya chai. Wadi, yale mabonde makavu, zikifurika tunakwenda kutazama. Ni sisi tu tunaoweza kuchagua mwezi mbaya kuliko yote na kuuita neema.

Jumapili, 22 Juni
Nimemwomba Baba niende peke yangu. Sheria hainizuii. Mshahara ni wangu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Mwanangu, nikikwambia nenda, mimi ntalala vipi?" Akaendelea kumenya chungwa, akanipa nusu. Nikala.
Nina miaka ishirini na saba. Najichukia.

Ijumaa, 4 Julai
Harusi. Nimepiga vigelegele mpaka sauti imekauka. Sina la kuandika.

Jumanne, 8 Julai
Wameondoka. Asila aliomba "vidokezo vyako". Nimemtumia vyote, bila salamu. Chukueni pesa taslimu mjini. Vijijini kadi haina kazi. Ondokeni asubuhi, msisafiri gizani. Acheni siku mbili tupu kabla ya ndege ya kurudi. Dereva akisema hapapitiki, hapapitiki, mwambie Haitham. Hata mboga tupu huweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, ulizeni kila mara. Tende, makopo ya jodari, sweta.
Nimeandika vizuri. Kama mtu aliyefika. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumatatu, 14 Julai
Mlima umeporomoka kwenye ile njia. Nimeona picha. Asila hapatikani tangu jana. Ami yuko kwetu Ghubra, amekaa sebuleni na viatu miguuni, hakuna anayemwambia avue. Mama anasoma Yasini. Kila mtu ananitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayeijua njia. Naijua. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili hakuna kitu.
Nilitaka wanyeshewe. Nilitaka warudi wamenuna. Hili sikulitaka.

Jumatano, 16 Julai
Asila kapiga. Wazima. Dereva alikataa kupita, wakarudi kijijini, umeme ukakatika. Ami kalia, kisha kaomba chai.
Njia bado haijafunguliwa. Alinipigia tena mimi peke yangu, kwa sauti ndogo. Wana njaa. Mwenye nyumba kapika mboga, hawajui kwa mafuta gani. Nikamwambia ampe simu. Kivietinamu changu nimejifunza chumbani, sijawahi kukisema kwa mtu. Nikauliza. Yule mama akacheka, akajibu polepole: mafuta ya karanga. Kisha akauliza jambo lake. Akarudia. Wewe utakuja lini?
"Anasemaje?" Asila akauliza.
Nikasema anauliza kama mnataka blanketi.
Asila akasema ndiyo, kuna baridi. Nikamwombea blanketi.