Raga Yangu ya Alfajiri

Jumamosi, usiku

Nyimbo za kale za Kihindi, hizo raga, sijui hata moja, lakini mtaa wetu mzima wa Buyenzi unajua nilifunzwa Bombay.

Leo kwenye harusi ya mpwa wangu alikuja mwimbaji wa Kihindi, mtunzi hasa. Bwana harusi akanichokoza: "Mujomba, na we imba basi."

"Apana. Kila raga ina saa yake, na yangu ni ya alfajiri."

Nilidhani nimepona. Mgeni akanikumbatia, akasema wanaoheshimu saa za raga wamebaki wachache, na kesho baada ya sala ya alfajiri atakuja kwangu kunisikiliza, pamoja na wakwe wote.

Nimekunywa jagi zima la maji ya barafu ili sauti inikauke. Wapi. Koo hili, lililowahi kuwanyamazisha viboko wa ziwani, limekataa hata kukohoa.