Dereva Haulizi Njia

Shumaisi, Riyadh, 2 Julai 2024

Mwanangu Keziah,

Mimi ni mtu wa miaka sitini na sita. Nimewazika makafili wawili na mama yako, nimemaliza gari nne na meno tisa, na bado nashika usukani bila miwani. Kwa hivyo mimi sijambo. Wewe je, huko Jeddah?

Habari kubwa: Baba Fahad, kafili wangu wa sasa, mwajiri anayenishikia kibali, anaipeleka familia yake Italia wiki tatu, na dereva ni mimi. Si Dancan, dereva mwenzangu. Mimi.

Kuhusu yule Protus wako, dereva wa nyumba ya jirani yenu, jibu ni lile lile. Nilipokuja kukuona, aliponichukua stesheni ya basi hapo Jeddah alisimama mara tatu kuuliza njia. Dereva haulizi njia. Sikuozeshi kwa mtu anayepotea kwake mwenyewe.

Karatasi hii Jerusha, yaya wetu, ndiye anaipiga picha na kukutumia.

Ni mimi baba yako, Nahashon

Jeddah, 5 Julai

Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Mimi ni mzima, ni pasi tu inanimaliza mgongo. Na wewe, ile presha?

Baba, mkataba wa Protus unakwisha Agosti na haongezi. Wazee wa kwao wamesema hawatakanyaga kwetu kama wewe hujatoa neno. Akiondoka hivyo watamtafutia mwingine. Mimi nina miaka thelathini na mbili, baba. Siku ile barabara ilikuwa imefungwa! Ulitaka aruke?

Binti yako, Keziah

Italia, 14 Julai

Mwanangu,

Salamu. Mimi ni mzima kama chuma, natumaini na wewe.

Roma nimeiona. Wana uwanja wa mviringo, nusu umeanguka, na watu wanapiga foleni juani waingie. Nikamwambia Baba Fahad, kwetu huyu mwenye ploti angeshapata barua ya kaunti. Alicheka mpaka akashika tumbo.

Vijiji vyao wameviweka juu ya vilima, kama mtu anayeficha sukari watoto wasifikie. Barabara ni upana wa kitanda. Simu ya Madam, mke wa Baba Fahad, ina mwanamke wa kuelekeza njia, nimemzima, ananifokea. Kesho napanda kilima kirefu kuliko vyote.

Kuhusu Protus, hapana.

Baba yako

Jeddah, 15 Julai, saa nane mchana

Baba, uko salama? Jerusha amenitumia picha. Gari limebanwa kati ya nyumba mbili, Madam analia, na Baba Fahad amesema likikwaruzika ni halas, unarudishwa Kenya. Nimemwita Protus getini. Zamani alikuwa akipeleka mizigo kwa gari kwenye vichochoro vya Balad, mji wa kale wa hapa. Anakupigia sasa hivi. Shika simu, nakuomba.

Keziah

Jeddah, 19 Julai

Baba, mbona kimya? Hujambo lakini? Jerusha anacheka tu. Nikimuuliza Protus ananiambia, “Muulize mzee.”

Keziah

Riyadh, 27 Julai

Mwanangu Keziah,

Tumerudi, wote wazima, hata miguu haikuvimba ndegeni. Natumaini mgongo umepoa.

Sasa sikia vile ilivyokuwa. Sikupotea. Kijiji ndicho kiliisha. Nilibakiwa na vidole viwili kila upande. Protus alipopiga nilishika simu kwa adabu tu. Akasema, “Mzee, kunja vioo, rudi nyuma polepole. Tazama ukuta wa kushoto peke yake, wa kulia niachie mimi.” Jerusha akamwonyesha ule wa kulia kwa kamera. Mita mia mbili kinyumenyume, Keziah! Hakuna mkwaruzo. Watu wa madirishani wakapiga makofi. Makofi ni yangu, usukani nilishika mimi. Ikama yangu, kile kibali cha kukaa, imeongezwa mwaka.

Kisha nikamwambia Protus, haya asiyajue Keziah. Siku kumi na mbili umemkaanga kwa maswali, na hakutoa hata neno. Mtu wa hivyo anakufaa, maana wewe unaongea. Mwambie aje huku Riyadh Ijumaa. Neno ninalo, nitampa mkononi, na wazee wa kwao sasa wakanyage kwetu.

Ukiona naongeza chumvi, muulize Jerusha, alikuwa na kamera. Muulize Baba Fahad. Protus pia alishuhudia, ila huyo hasemi.

Ni mimi baba yako, Nahashon