Nani Ataendesha Gari Kwenda Kamitani

Mtaa wa Takamatsu,
Izumo, Shimane,
Japani.

15 Septemba

Mpendwa Shangazi Misao,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani, wewe na watu wote wa nyumba yako huko Londrina? Goti lako limetulia, au bado unashuka ngazi kinyumenyume kama ulivyoniandikia? Na Larissa, ameizoea kazi yake mpya? Sisi hapa tu wazima. Jicho la Baba limepona vizuri baada ya upasuaji, ingawa daktari amemkataza kuendesha gari mpaka mwaka ujao. Mama hukohoa kidogo asubuhi, kisha husahau. Baba yako, ambaye najua ndiye unayemtafuta katika mistari hii, ana afya njema na anakula kutushinda sote.

Katika barua yako ya Juni uliniuliza kama Babu bado anaendesha gari, nami nikakujibu habari za mvua. Naomba unisamehe. Sikuwa na jibu ambalo lisingekukosesha usingizi, nikajidanganya kwamba kunyamaza si uongo. Leo jibu ninalo, na moyo wangu ni mwepesi kiasi kwamba mkono unakimbia kuliko mawazo.

Nianzie mwezi wa nne. Siku hiyo nilikuwa na Babu garini, tunarudi kutoka kununua miche ya nyanya. Kwenye kona ya shamba la mpunga la akina Adachi, gari liliiacha barabara polepole, kama mtu anayesinzia, likaingiza pua ndani ya mfereji wa maji. Hatukuumia. Babu alizima injini, kisha akasema nguruwe pori alikatiza mbele yake. Mimi sikuona nguruwe. Lakini Adachi alipokuja na trekta kutuvuta, na Baba akauliza kulikoni, nilijibu, "Nguruwe. Tena mkubwa."

Tangu siku hiyo nguruwe yule alihamia nyumbani kwetu. Kila Babu alipochukua ufunguo nilimwona. Mwezi wa sita Babu akaitwa kwenye ule mtihani wa kumbukumbu wa madereva wazee, akafaulu vizuri sana. Mama alibandika karatasi ya matokeo kwenye friji, sote tukampongeza. Nami nilipiga makofi pamoja nao.

Sasa, mwaka huu ni wa kumbukumbu ya kifo cha Bibi, na wiki ya kuzuru makaburi imekaribia. Kamitani, alikozikwa, hakuna basi tena; lile la mwisho liliondolewa masika. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na unaikumbuka mwenyewe ile barabara ya mlimani: magari mawili yakikutana, moja lazima lirudi nyuma mpaka lipate pa kujibanza. Jumapili iliyopita tukakaa mezani kupanga safari. Baba akakunjua ramani, na hakuna aliyeitazama.

"Labda twende kwa treni," Mama akasema.

"Treni ipi, Kanae?" Babu akamuuliza. "Ya Kamitani wanaijenga lini?"

Baba akasema pengine tusubiri masika, jicho lake likae sawa.

"Mama yako hana haraka," Babu akasema, "lakini magugu pale kaburini yanayo."

Tukacheka, tukanywa chai, tukajadili keki za wali na maharage matamu za kupeleka kaburini kwa nusu saa nzima. Kwetu, kama ujuavyo, jambo zito huachwa katikati ya meza kama sufuria la moto, kila mtu akingoja mwenzake alete kitambaa. Mimi nina leseni tangu chuo kikuu, na kila siku naendesha gari kwenda kazini maktabani. Hata hivyo sikusema, "Nitaendesha mimi." Maneno hayo mawili yangekuwa sawa na kumwambia Babu mbele ya watu kwamba amekwisha. Nilijiona mstaarabu sana. Usiku ule nilijiona mwoga tu.

Kesho yake nilimkuta uani anafuta vioo vya gari. Nilikuwa nimeandaa sentensi tano za adabu, nimezisahihisha kichwani kama insha. Haikutoka hata moja.

"Babu, hapakuwa na nguruwe."

Hakuacha kufuta. "Najua."

"Sasa mbona uliniacha niseme?"

"Wewe ndiye uliyeongeza kwamba ni mkubwa. Nikaanza kufikiri labda ni mimi niliyeshindwa kumwona."

Nilicheka, Shangazi, halafu nikalia, nikiwa nimeshika mlango wa gari. Nikamwambia yote. Kwamba sitaki aendeshe kwenda Kamitani, wala kwingine. Kwamba naogopa kupanda naye, na Baba anaogopa, na Mama hufumba macho kwenye kona.

Akakiweka kitambaa juu ya boneti. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nne."

"Umechelewa. Mimi naogopa tangu mwaka jana."

Akaniambia, bila kunitazama, kwamba kila akishika usukani viganja vyake hulowa. Lakini aliona Baba ana jicho bovu, leseni ya Mama inalala kabatini miaka kumi na tano, na mimi, alivyosema, kichwa changu kiko kwenye vitabu hata nikivuka barabara. Akahofia akiacha yeye, Baba ataendesha na jicho lile lile ili tu asimsumbue mtu. "Nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme, mzee, lete ufunguo," alisema. "Nyinyi mkanipigia makofi kwa mtihani."

Nimelifikiria jambo hili siku nne sasa. Alikuwa anaendesha kwa hofu kwa ajili yetu, nasi tunapanda kwa hofu kwa ajili yake. Watu wanne ndani ya kigari kimoja, kila mmoja akimstahi mwenzake kuelekea mferejini. Hakuna aliyekuwa mbaya. Hilo ndilo linalonitisha hata sasa, kwamba wema wetu ulitosha kutuua.

Nilimwambia kwamba kile kipande cha mwisho, njia ya mashambani isiyo na magari, angeweza kuendesha yeye mara ya mwisho. Akanikatiza. "Usinipe peremende. Mimi si mtoto."

Basi safari ni Jumapili ijayo, na dereva ni mimi. Babu ameandika mpango wote nyuma ya tangazo la supamaketi kwa kalamu nene. Tunatoka saa moja na nusu asubuhi. Tunasimama kwenye soko la wakulima kununua maua, na Mama anaruhusiwa boga moja, si zaidi. Kona tatu za mlimani napiga honi. Yeye anakaa mbele, kushoto kwangu, na Baba anashika chupa ya chai nyuma. Jana alinipeleka kwenye uwanja wa ghala la mpunga kufanya mazoezi, nikarudi nyuma kati ya makreti mara kumi na moja.

"Unaushika usukani kama unaukaba koo," alisema. "Gari halijakukosea."

Baba, aliyekuja kutazama na ambaye tumeshamwambia ukweli, akauliza kama yule nguruwe naye amekata tiketi. Babu alicheka mpaka akashika kiuno. Jumatatu baada ya safari nitampeleka kituo cha polisi akarudishe leseni. Amemwambia Mama ampigie pasi tai ya kijivu.

Kwa hiyo ukipiga simu, usimzungukezunguke tena kwa habari za hali ya hewa. Muulize waziwazi. Anapenda kuulizwa.

Ninapoandika haya ni mchana, na Babu amelala ukumbini juu ya mkeka, mdomo wazi, redio inajisemea yenyewe. Mama amenionyesha kwa kidole, akaninong'oneza kwamba hajamwona akilala mchana tangu mwaka jana. Tumefunga mlango taratibu.

Baba anakusalimu, na Mama anauliza kama mbegu za figili zilifika. Nisalimie Bwana Celso, Larissa na Kenzo. Nakuombea goti lenye nguvu na nyumba yenye amani, na siku moja uketi nasi katika gari hilo, nami nikiendesha.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,

Chisato