Mukasi ya Pili ya Tonton Déo

Bukavu, samedi, siku ya posho

Maman yangu mupenzi,

Mbele ya kusoma, nenda kwanza ukae nyuma ya jiko, peke yako. Usimupe Kaka Bulambo akusomee. Ningekupigia, lakini simu iko ya Kaka, na yeye anaongeaka sauti ikiwa inje, mutaa muzima unasikia.

Salamu mingi kwako. Magoti inakusumbua tena? Papa angali anashuka ku mashimo ya dhahabu na ile kikohozi yake? Umuambie apumuzike kidogo, ata kama hatasikia. Miye mwili iko muzima. Ni roho njo haitulii.

Maman, ni juu ya Tonton Déo. Ndiyo, ndugu yako. Ninajua vile unamupenda, ulimubeba mugongoni wakati mama yenu alikufa. Ninajua pia ni yeye alinitoa kwetu Mwenga, akanipa kazi mu atelier ya kushona, akanipa na pa kulala kwake. Sijasahau. Ni juu ya ile hii barua ni nzito kuandika.

Mwenye atelier ni Madame, lakini yeye anapitaka tu lundi, siku ya kwanza ya kazi. Siku zingine zote Tonton njo gérant, njo mukubwa wetu. Tuko wanamuke saba, tunashona uniforme za masomo. Kati yetu kuna mumoja anaitwa Riziki, mutoto wa kule Nyangezi, njo mudogo wetu mu kazi. Tonton alianza kusimama nyuma yake, eti anamurekebisha mushono. Mukono ku bega, kisha ku kiuno. Mutoto anajikunja, sindano inamuchoma kidole. Halafu akaanza kumuita mu dépôt, kule nyuma penye tunaweka vitambaa. Riziki akitoka mule macho iko chini, anaenda kula peke yake.

Machine zinapiga kelele, kila mutu anaangalia mushono yake. Nani atasema? Kila mutu iko na watoto wa kulisha. Na tena walikuwa wananiogopa miye, juu miye ni mutoto wa dada ya gérant. Wakiwa wanaongea, nikikaribia wananyamaza. Ile iliniuma sana, Maman.

Ni Maman Nsimire, mukubwa wetu wa umri, njo alivunja ile kimya. Kwanza alimuuliza Riziki mwenyewe, chini chini wakati wa kula, anataka tumufanyie nini. Riziki akasema anaogopa kufukuzwa, anaomba tu asiachwe peke yake naye. Basi Maman Nsimire akaniangalia mu macho.

“Kidole kimoja hakivunje chawa,” akasema. “Weye uko na sisi ao uko na yeye?”

Nilijibu niko nanyi. Nilijibu mbele sijafikiri.

Mu atelier tulikuwa na mukasi moja tu ya maana, ile kubwa ya kukata kitambaa kizito. Zile zingine zinatafunaka tu kitambaa sawa mbuzi. Tangu siku ile mukasi ikawa ya kulindwa na Riziki, mu mufuko ya tablier yake ya kujifunga mbele, kila penye anaenda inaenda naye. Tonton akisimama nyuma yake, mumoja anatokea, anaomba mukasi. Akimuita mu dépôt, tunangoja kidogo, mumoja anabisha: Riziki, mukasi. Akitoka huyo, mwingine anakuja kuirudisha, na mwingine tena ameishiwa na uzi. Siku moja Maman Nsimire, kwa ile haraka yake ya kuomba mukasi, alikata kitambaa kilekile mara mbili, sketi ya mwanafunzi ikabaki ya mutoto wa kunyonya. Tulicheka mpaka machozi. Na Riziki akaanza tena kula pamoja na sisi.

Lakini Tonton si mujinga. Mercredi ya hii juma alikuja na mukasi mupya, akaiweka ku meza ya mbele, akasema kwa upole kabisa kama sasa hakuna tena mutu wa kusumbua mwenzake. Tukasema aksanti, gérant. Tungesema nini?

Jana vendredi, wakati tunajifunga kwenda, alimuambia Riziki abaki ahesabu vitambaa. Akaingia naye mu dépôt, tukasikia mulango inafungwa na ufunguo. Wote wakaniangalia. Nilienda ku mulango. Nilibisha, hakujibu. Nikabisha tena.

“Tonton, fungua. Riziki anaenda na sisi.”

Nikageuka. Wenzangu walikuwa wamesimama nyuma yangu, mifuko ku bega, hakuna ata mumoja alikuwa ametoka. Ile njo ilinipa nguvu ya kubaki pale. Tonton akafungua. Riziki akapita chini ya mukono yake akikimbia. Tonton hakunifokea, Maman, kufoka kungekuwa afadhali. Aliniuliza polepole: “Nani alikutoa kijijini?”

Sasa lundi Madame anakuja. Riziki amekubali tuseme, lakini anataka wote tuwe pale. Na wenzangu wanataka nianze miye. Maman Nsimire anasema wao wakianza, Madame atafikiri ni wivu wa wafanyakazi juu ya mukubwa wao. Mutu wa damu yake akianza, Tonton hatapata pa kupitia. Ninaona ni kweli, lakini wao hawalale kwake. Jana ku meza ni yeye mwenyewe alinikatia bugali, akaniuliza kama chumvi inatosha. Muke wake hajui kitu, ananiita mutoto wangu. Nilijibu chumvi inatosha.

Maman Nsimire amesema nihamie kwake, mutaa ya Kasha. Nyumba ni ndogo, nitabanana na watoto wake, lakini alisema bila kusita. Nitaenda kesho nyuma ya misa. Nitaaga kama ninaenda kuona mugonjwa, Mungu anisamehe. Na kama Madame hatuamini? Kama anatufukuza wote saba? Maman Nsimire ni mujane, na ile kazi njo shamba yake. Ninafikiri ile kila saa, ninahesabu nani atakula nini.

Lakini lundi nitasema. Nimekuandikia juu usikie kwangu mbele ya kusikia kwake, juu atakupigia. Atalia, unajua vile analiaka. Atasema watu wa muji wamenilisha dawa, atakukumbusha ile mugongo yako yenye ilimubeba. Sikukataze kumupenda. Lakini ni weye ulitufundisha: mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamufichua. Na hii ugonjwa si ya watu, Maman. Iko mu nyumba yetu.

Unisalimie Papa, lakini usimuonyeshe barua mbele haujajua wewe mwenyewe utasema nini. Salimia Kaka Bulambo na muke wake, ile mimba izaliwe salama. Salimia shangazi mwenye kuuza mawese ku soko, na bibi, mama ya Papa, umuambie ningali ninajifunika kitenge yake. Dereva mwenye kukuletea hii atalala kwenu siku moja, kisha anarudi Bukavu. Ukiwa na neno, umupe.

Asubui hii Riziki alikuja kunisaidia kufunga nguo zangu, Tonton na muke wake wakiwa hawako. Akaniuliza: “Maman yako, akisikia, atakuwa upande gani?”

Sikutaka kumudanganya. Nilimuambia sijui.

Mutoto wako mwenye kukungoja,

Wabiwa