Siku Ambayo Sikuisikia Treni

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo Deo,

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa Kawajense tuko salama. Mama yako anavuna mpunga, mguu wangu ndio unaosumbua.

Umeuliza kama chuo kitakuchukua na alama zako za wastani. Kwa kweli sijui, na usingizi nimekosa.

Miaka ya sabini nilimaliza kidato cha nne na alama kama hizo. Majibu ya chuo cha ualimu yalikuwa yaje na treni ya Kaliua. Ikipiga honi tu, nakimbilia stesheni, narudi mikono mitupu. Mama akachoka kuniangalia, akanipeleka kusaidia darasa la watu wazima. Muuza dagaa mmoja, mtu mzima, alishika chaki kama mwiko. Nikamshika mkono, tukahangaika na jina lake. Alipolimaliza, akina mama wakapiga vigelegele. Kutoka nje, nakuta abiria wanapita na mizigo. Treni ilishafika, na mimi sikuisikia.

Chuo kilinichukua mwaka uliofuata.

Lakini usidhani nimepona ugonjwa huo wa kusubiri. Tangu uombe chuo, bodaboda ikisimama mlangoni natoka mbio nikidhani imeleta majibu yako, na mguu huu huu.

Mkeo mzee,
Bibi Anastazia